Nani Hapa Anadai Kwao?

Wauguzi vijana waliniaga kwa keki, khanga mbili na hotuba ndefu kuliko homa yoyote niliyowahi kuuguza. Tukiwa tunakula hiyo keki, mmoja wao, binti mwenye akili nzuri na mdomo wa haraka, akaniambia sisi wa zamani tulikuwa na bahati. Ati huu ugonjwa wa wazee kupoteza kumbukumbu haukuwepo enzi zetu, umeletwa na vyakula vya kwenye mifuko. Nilikuwa nimejaza keki mdomoni, sikumjibu. Namjibu sasa, na wenzake wasome.

Ulikuwepo, mwanangu, tena tele. Sisemi kwa mtu wa miaka sitini, huyo ni kijana, hata mimi nimo humo. Nasema kwa vikongwe wenyewe, wale ambao hata watoto wao wana mvi. Kati ya hao, nyumba ya kumkosa mgonjwa wa namna hiyo ilikuwa ya kutafuta. Si wote, lakini. Nilimjua babu mmoja aliyekumbuka ukoo wa mbuzi wake mpaka bibi wa bibi yake beberu, na alikufa akibishana na mchungaji juu ya tarehe ya ubatizo wake. Ila wengi walikuwa wamekwisha kuondoka kichwani, miili imebaki ikila makande na sisi. Kama hatukuwaona, ni kwa sababu hatukujua namna ya kuuliza. Mimi kuuliza nilifundishwa na bibi mmoja aliyeitwa Nakijwa.

Nilimaliza mafunzo ya uuguzi nchi ikiwa katikati ya kuhamia vijijini. Kila redio ilihubiri ujamaa, na watu walikuwa wakishushwa au wakishuka wenyewe kwenda kwenye vijiji vipya. Nikapangiwa zahanati ya kijiji cha namna hiyo, tambarare, chini ya milima ya Upare ya Kusini. Nilitoka Same juu ya lori lililobeba magunia ya mbegu, nimejifunga kitenge kichwani, na nilipofika nilikuwa na rangi moja na barabara.

Mimi ni mtoto wa Ugweno, Upare ya Kaskazini. Nimekulia kwenye migomba na ukungu, mahali ambapo ukitoka nje asubuhi husikii chochote ila maji yakiteremka. Kule nilikopelekwa nyumba zilipangwa mistari kama darasani, jua linakupiga kuanzia chai ya asubuhi, na ukiuliza mto unaambiwa subiri masika. Juma la kwanza nililia kila nilipokwenda kuteka maji. Nilipoacha kulia si kwamba nilizoea, ni kwamba foleni ya maji ilikuwa ndefu na watu walianza kunizoea mimi.

Mganga wa zahanati alikuwa Mzee Haule, mtu wa Songea. Alikuja Upare kijana, manamba wa kukata mkonge, akachukuliwa kufagia zahanati ya shamba, na kwa kufagia polepole akafika kwenye chumba cha dawa. Sheria yake ya kwanza kwangu ilikuwa kwamba kazini ni Kiswahili tu. Huko kwenye mkonge alikuwa ametibu makabila yote ya Tanganyika, na aliona kwamba ukimjibu mgonjwa mmoja kwa kilugha chake, anayefuata anadhani mnamsengenya. Sheria hiyo haikunisumbua. Wapare wale walisema Kichasu, na Kichasu si Kigweno. Mgweno akisema cha kwao haraka haraka, Mpare wa Kusini anabaki kutabasamu kwa adabu. Sikuwa na mtu wa kusema naye lugha yangu, kwa hiyo nilikaa nayo kifuani.

Ninyi mnaotupa sindano baada ya mgonjwa mmoja, sikilizeni. Yetu ilikuwa ya kioo, tunaichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, na ncha ikichoka tunainoa kwenye jiwe. Mzee Haule alikuwa anaijaribu kwenye pamba. Ikivuta uzi, hurudi kwenye jiwe. Bandeji tulifua, tukaanika, tukazikunja upya moja moja kwa mkono, zikazunguka tena kijiji kizima. Kuna bandeji niliifahamu kwa sura. Kazi ya kukunja ilikuwa haiishi, na niliichukia kuliko kusafisha vidonda.

Mwenyekiti wa kijiji aliitwa Sefania, Mlutheri wa kutoka milimani, mtu mzima mwenye sauti ya kwaya. Hakusukumwa na mtu kushuka. Aliamini kijiji kipya kwa moyo wake wote, akavunja nyumba yake mwenyewe kule juu, akashuka na mke wake Namsifu, watoto, na mama yake mzazi, Bibi Nakijwa, aliyebebwa kwenye machela kwa sababu ya uzee. Umri wake hakuna aliyeujua. Watu walisema tu kwamba reli ilipopita, yeye tayari alikuwa na watoto.

Bibi huyo alikuwa mpole, mdogo wa mwili, shikamoo yako anaipokea kwa mikono miwili. Lakini alikuwa na neno moja. Alisema kwa Kichasu, na kwa kile Kiswahili chake kidogo: nipelekeni kwetu. Akila, nipelekeni kwetu. Akivikwa, nipelekeni kwetu. Wakigeuka kidogo, amekwisha kufika barabarani, amesimama pembeni na fimbo yake, anatazama upande wa kaskazini.

Sasa fikirini neno hilo katika miaka ile. Ingekuwa leo mngesema bibi kachanganyikiwa. Wakati ule kusema "nirudisheni kwetu" ilikuwa ni siasa. Wapo waliohama shingo upande, na hao kwa chini chini walimshangilia. Utamsikia mtu kisimani akisema, "Bibi katusemea." Akaja mgeni mmoja mkubwa kuhutubia, Sefania akamkaribisha kwa maneno mazuri kwamba hapa sasa ndipo kwetu sote. Bibi Nakijwa akainuka kwenye mkeka, mbele ya wote, akasema kwa sauti ya kusikika kabisa: "Mimi siyo wa hapa. Nirudisheni kwetu."

Hakuna aliyecheka. Mgeni aliandamana na Sefania hadi kwenye gari, wakazungumza, na Sefania aliporudi uso ulikuwa umemshuka. Alikuwa ameulizwa atawaongozaje watu wengine ikiwa mama yake mwenyewe anapinga. Mzee Haule alijaribu kueleza kwamba ni uzee, akaambiwa uzee haumfanyi mtu kusema maneno yenye maana. Hapo ndipo nilipoona ubaya wa ugonjwa huu, kwamba mgonjwa anaweza kusema sentensi iliyonyooka kabisa, na kila mtu akaisikia anavyotaka.

Hata mimi niliisikia nilivyotaka. Nilijua kabisa anataka nini, maana nami nilikitaka: mlima, migomba, ukungu. Nikamwambia Sefania ampandishe akapaone, huenda roho ikatulia. Lilikuwa jambo la kumgharimu, Mwenyekiti kumrudisha mama yake mlimani watu wakiona, lakini alikuwa mwana. Alikusanya wanaume, wakamweka kwenye machela, nami nikafuata na mfuko wa dawa. Tulipanda njia ile ya mawe, wanapokezana mabegani, na kadiri hewa ilivyopoa ndivyo nilivyozidi kufurahi, kama vile ni mimi niliyekuwa nikipelekwa.

Tulimtua kwenye boma la marehemu mumewe, karibu na ndiva, lile bwawa la kumwagilia ambalo alilitumia maisha yake yote ya ndoa. Kahawa ipo, makaburi yapo, majirani wamejaa kumsalimu. Bibi alitazama kote kwa heshima ya mgeni.

"Pazuri," alisema. "Ni kwa nani?"

Sefania akamtajia jina la baba yake. Bibi akaitika, akanywa maji, akafuta mdomo kwa ncha ya khanga.

"Haya, tumepumzika. Sasa nipelekeni kwetu."

Sefania alikwenda kukaa peke yake ukingoni mwa ndiva. Sikumfuata. Mtu mzima akilia kwa ajili ya mama yake haandamwi na nesi mgeni. Tulishuka siku iliyofuata, na hakuna aliyetaka kuimba njiani.

Baada ya hapo Bibi alizidi. Alianza kumwita Namsifu majina tusiyoyajua, kisha Kichasu chenyewe kikampotea, akawa anabwabwaja, kama walivyosema wenyewe. Siku moja alionekana mbali porini, kwenye korongo kavu, midomo imepasuka kwa kiu, na kule tembo walikuwa wanapita. Ndipo Sefania alipomfunga. Kamba ya katani, kifundoni, upande mwingine kwenye mguu wa kitanda. Msikimbilie kumlaani. Alikuwa amejaribu kufunga mlango, akajaribu watoto wa kumchunga, akajaribu maombi. Aliniambia, "Nesi, bora anichukie akiwa hai." Na alikuwa anakonda yeye kuliko mama yake.

Katani haina huruma kwa ngozi ya mzee. Kidonda kikaja, nikawa nakwenda kila siku kukiosha, naye mbele yangu akawa anaguna tu kwa maumivu. Nilimwambia Sefania kidonda kikioza Bibi anakufa, na akifunguliwa bila mtu wa kumshika anakufa pia. Hivyo ndivyo tulivyokuwa, kamba huku, pori kule, na katikati bibi anayeomba jambo dogo tu ambalo hakuna aliyeweza kumpatia.

Basi siku hiyo nimepiga magoti, namwagia maji ya chumvi kifundoni. Hayakuwa na joto la kutosha, stovu ilikuwa imenisumbua. Bibi akavuta mguu, akasema neno. Namsifu, aliyekuwa anashika beseni, akasema, "Unaona, Nesi? Ndivyo anavyobwabwaja kutwa nzima."

Lakini mimi nilikuwa nimeelewa. Alisema maji ni ya baridi, na akirudi amelowa mama atamgombeza. Alisema kwa Kigweno. Si cha kubahatisha, Kigweno hasa, tena kile cha zamani alichotumia bibi yangu akifukuza kuku kwenye ulezi. Miezi yote ile sikuwa nimesikia neno la kwetu kwenye kinywa cha mtu, na linanijia kutoka kwa mgonjwa aliyefungwa kamba. Machozi yalinitoka, msinicheke. Namsifu akadhani nimeona kidonda kimeharibika.

Nikaivunja sheria ya Mzee Haule. Nilimwomba radhi kwa ubaridi wa maji, kwa Kigweno. Bibi Nakijwa akanishika uso kwa mikono yote miwili, akanitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Nikamuuliza barabarani huwa anamngoja nani.

"Baba. Alisema nikae pale pale njiani, nisiondoke. Njaa ikiisha atarudi kunichukua."

Nilipomtafsiria Sefania alikaa chini. Alichokijua kuhusu mama yake kilikuwa kidogo, tena cha kusikia kwa wazee waliomlea: kwamba alitokea Kaskazini binti mdogo, mwaka wa njaa, baba yake akamwacha kwa watu wenye chakula, na hakurudi. Kama alikufa njiani au alishindwa, hakuna aliyejua. Mtoto akalelewa, akaozwa palepale, akasema Kichasu mpaka watu wakasahau kwamba ana kwingine. Hakuwahi kumsimulia hata mumewe. "Sikumsikia hata siku moja akitaja Ugweno," alisema Sefania. Na sasa, yote aliyoyapata baadaye yalikuwa yamemtoka moja moja, ndoa, watoto, boma, lugha, akabaki yule mtoto pembeni ya njia. Sisi tulidhani anatoroka, kumbe alikuwa anatii.

Chuoni tulifundishwa kwamba mgonjwa aliyechanganyikiwa arekebishwe: aambiwe leo ni siku gani na yuko wapi. Jaribuni kumwambia mtoto wa miaka saba kwamba baba yake hakurudi tangu kabla ya reli, halafu mumwambie tena kesho, na keshokutwa. Nikaenda kwa Mzee Haule, nikamweleza, nikamuuliza kama naweza kumdanganya mgonjwa. Alikuwa akinoa sindano yake, akaijaribu kwenye pamba.

"Kiswahili ni cha kazini," alisema. "Yule anangoja baba yake. Mjibu kwa lugha aliyoulizia."

Asubuhi nikamwambia Bibi kwamba baba yake amenituma. Amesema jua ni kali, asimngojee njiani, amngojee kwangu. Alifikiri kidogo, akauliza kama baba alisema hivyo kweli. Nikasema ndiyo. Mungu anajua kwa nini nilisema. Sefania akafungua kamba kwa mikono yake mwenyewe, na Namsifu akaniletea Bibi zahanati akitembea polepole, ameshikwa mkono.

Tangu siku hiyo alishinda kwetu. Nilimpa bandeji akunje, maana mikono ya mwanamke wa Kipare haiwezi kukaa bure hata akili ikiwa safarini. Jamani, mikunjo ile! Imebana, imelingana, hakuna bandeji zilizowahi kukunjwa vile wilayani. Zikiisha nilikuwa nazifungua kwa siri na kumrudishia. Ile kamba ya katani Mzee Haule aliiomba, akaifunga kati ya nguzo mbili, tukawa tunaanikia bandeji. Siku nyingine Bibi aliniita mdogo wake, siku nyingine mama, na nilipokuwa mama nilimgombeza kwa kulowa, akacheka. Nami nilipata mtu wa kusema naye. Ukweli ni kwamba sijui kati yetu ni nani aliyekuwa anamtibu mwenzake ugonjwa wa kutamani kwao.

Sasa ndipo nikajifunza kuuliza. Zamani nilikuwa nabisha hodi na kuuliza kama kuna mzee anayesahau, na kila nyumba inajibu hakuna, kwetu wazee wote wazima. Waliona haya, wengine waliogopa kusemwa wamerogwa, na wengine waliona ni uzee tu, wa nini kumwambia nesi. Nikabadilisha. Nikawa naamkia, nakaa, nakula nilichopewa, kisha nauliza taratibu: nani hapa anadai kwao? Hapo watu walitazamana. Halafu pazia linafunuliwa. Huyu babu anaamka alfajiri kutafuta ng'ombe waliokwisha kufa. Huyu bibi anamwita binti yake mama. Huyu anaficha kijiko. Walikuwepo mle ndani siku zote, nyumba hii na ile, na ya tatu.

Nilichowaambia wenye nyumba ndicho ninachowaambia ninyi. Usibishane naye, hutashinda. Usimfunge. Mpe maji, maana husahau hata kiu. Akizidi ghafla, mpime homa kabla hujalaumu uzee. Mpe kazi ya mikono. Akitaka kwenda, nenda naye hatua chache, kisha mrudi pamoja. Na umuulize kwao ni wapi, umsikilize mpaka mwisho, kwa sababu huenda si pale unapopadhani.

Msimu wa baridi, upepo ulipoanza kushuka kutoka mlimani, Bibi Nakijwa alishikwa na kichomi. Tulimpa tulichokuwa nacho. Sefania alikuja kukaa naye mchana kutwa, mikutano akamwachia katibu. Alikuwa amenifuata majuma kadhaa kabla, kwa aibu ya mtu mkubwa anayerudi darasani, akataka nimfundishe maneno machache ya Kigweno. Nilimfundisha tukiwa chini ya ile kamba ya bandeji. Ulimi wake ulikuwa mzito, aliyapiga maneno kama anayepasua kuni.

Mchana mmoja Bibi alifumbua macho, akaniuliza kama baba amekuja. Nilikuwa nafungua kinywa kusema lile la kila siku, kwamba yuko njiani. Sefania akanitangulia. Yeye ndiye aliyewaambia watu wote, kwa ile sauti yake, kwamba hakuna tena kurudi, kwetu ni hapa. Akainama, akasema kwa Kigweno chake kibovu:

"Nimekuja. Njaa imekwisha. Twende kwetu."

Bibi alimtazama yule mtoto wake mwenye mvi, kutoka kichwani hadi miguuni.

"Umekawia," alisema.

Kisha akampa mkono. Hakuuachia tena, na kabla jua halijazama alikuwa amekwenda.

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo, tambarare na milimani, mwisho hapa Same mjini, na dawa nyingi nzuri zimekuja ambazo Mzee Haule hakuziota. Ya ugonjwa huu bado. Ninaishi na mjukuu wangu, Upendo, anayesoma sekondari na kuongea na simu yake kuliko na mimi. Ni mtoto mwema. Watoto wangu niliwalea kwa Kiswahili, nilidhani nawafanyia hisani, na siku hizi hata nikipanda Ugweno watoto wa huko wananijibu Kiswahili. Juzi nilitafuta funguo mpaka nikazikuta kwenye ndoo ya unga. Msianze kunong'ona, mtu yeyote hupoteza funguo.

Ila nimemkalisha Upendo, nikamwambia aweke simu chini, nimfundishe sentensi moja ya Kigweno. Akaniuliza ina maana gani. Nikamwambia: nimekuja, twende kwetu. Akacheka. "Bibi, si kwetu ni hapa hapa?" Nikasema ndiyo, ni hapa hapa, lakini jifunze. Akaisema vibaya, kwa ulimi mzito kama wa Sefania. Nikamwambia arudie.